Jinsi ya kumkuza mrushaji dogo kwenye ligi ndogo bila kumuua mkono

Haya wapenzi wa besiboli, leo tuongee kitu kinachonikera kila msimu. Dogo anachukuliwa kwenye drafti ya Julai, pale timu zinapochagua chipukizi kwa zamu, anarusha maili 98 kwa saa, mashabiki roho juu, wiki tatu baadaye watu washaanza "mbona hawampandishi", alafu akipandishwa akapigwa kama ngoma, hao hao wanageuka "nani kampandisha huyu mtoto". Na maofisini kwa timu nako sio kwamba wametulia sana, presha inawapanda vilevile. Kwaiyo nimekaa nikaandika namna mi ninavyoona mrushaji kijana anatakiwa kulelewa, kuanzia siku anasaini mpaka siku anaitwa ligi kuu. Uwe kocha, uwe shabiki unayefuatilia madogo wa timu yako, uwe unaendesha timu kwenye gemu la kompyuta usiku wenzio wamelala, mantiki ni ileile.

La kwanza kabisa na ukilikosa hili mengine yote yanakuwa bure: ligi ndogo sio mahali pa kushinda mechi. Najua kuna ubao wa matokeo pale, kuna tiketi, kuna kombe mwisho wa msimu, lakini kwa mrushaji kijana ile ni gereji. Gari linaingia, linafunguliwa, linatengenezwa kitu kimoja, linajaribiwa barabarani, linarudi. Na kila daraja la gereji hiyo lina swali moja kubwa la kumuuliza dogo. Akilijibu anapanda hata kama takwimu zake zinatia aibu, asipolijibu anabaki hata kama anaongoza ligi nzima.

Kwa wageni, madaraja yako hivi. Timu 30 za ligi kuu, na tangu 2021 kila moja ina timu nne za msimu mzima chini yake, jumla 120, kuanzia chini Single-A, High-A, Double-A, alafu Triple-A ambayo ni mlango wa ligi kuu. Chini ya hizo kuna ligi za kambini kule Arizona na Florida, uwanja wa mazoezi tu na watazamaji wa kuhesabika, na kuna ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika wanakoanzia vijana wengi waliosaini wakiwa na miaka 16 au 17. Sasa maswali yenyewe: kambini tunauliza je mkono ni mzima na mwili unaweza kurudia mwendo uleule mara mia? Single-A, unarusha straiki, yani mpira unaopita kwenye eneo halali mbele ya mpigaji? High-A, una mpira wa pili, yani aina nyingine ya kurusha unayoiamini mbali na mpira wa kasi? Double-A, unaweza kumtoa mpigaji ambaye hadanganyiki kirahisi? Triple-A, unaweza kumtoa jamaa wa miaka 31 aliyewahi kucheza ligi kuu na anajua unachotaka kufanya kabla hujajua wewe?

Tuanze na wiki za kwanza maana hapo ndo watu wanapoharibu mapema. Dogo katoka drafti, mara nyingi katoka chuo, keshacheza tangu Februari, mkono umechoka. Usimguse. Yani usimbadilishe chochote. Kila kocha anataka aonekane kaleta kitu, anamwambia dogo shusha kiwiko, ongeza hatua, shika mpira hivi, na dogo ana miaka 19 anaogopa kusema hapana, baada ya mwezi hajui tena alichokuwa anafanya kilichomfanya achukuliwe. Kazi ya wiki za kwanza ni kupima tu. Mrekodi kwa kamera za kasi ili uone vidole vinaachiaje mpira, mpime na mashine kama TrackMan au Rapsodo uone mpira unazunguka kiasi gani na unakwenda wapi, pima mabega yanazunguka kiasi gani, nyonga zina nguvu kiasi gani, andika yote. Hiyo ndo picha ya mkono ukiwa mzima, na siku moja huko mbele akianza kulegea utaihitaji kuliko kitu kingine chochote, utalinganisha, utaona kumbe anaachia mpira inchi tatu chini kuliko zamani.

Alafu muulize mwenyewe. Unapenda kurusha nini ukiwa umebanwa? Mkono ulishawahi kuuma wapi? Utashangaa wangapi hawajawahi kuulizwa.

Sasa straiki. Hapa nawaambia kisa cha Steve Dalkowski, wengi mnakijua lakini acha nikirudie kwa sababu kila nikiona dogo wa kasi asiye na shabaha namkumbuka yeye. Huyu alikuwa wa Baltimore Orioles, kwenye ligi ndogo kuanzia 1957, na waliomuona wengi waliapa hakuna mtu aliyewahi kurusha kwa kasi kama yeye. Mwaka 1960 akiwa Stockton alirusha iningi 170 (mechi moja ina iningi tisa), akatoa watu 262 kwa straiki tatu, na akawapa besi ya bure, kwa kurusha nje ya eneo mara nne, watu 262. Idadi ileile! Yani huwezi kuamua kama umekwenda kuangalia mchezo wa ajabu au ajali ya barabarani. Makocha walijaribu kila kitu. Alafu 1962 akatua Elmira kwa kocha Earl Weaver, na Weaver akafanya kitu cha kinyume, akapunguza mambo, akamwambia dogo rusha vitu viwili tu, mpira wa kasi na slaida (unaokata pembeni), lenga katikati ya sahani, kile kibao cha chini mbele ya mpigaji, basi. Besi za bure zikashuka mpaka 114 kwa iningi 160. Mwaka uliofuata, mazoezi ya machipuko, 1963, yuko karibu kabisa na ligi kuu, kiwiko kikaondoka. Hakuwahi kurusha hata mpira mmoja wa ligi kuu.

Mi ninachochukua pale ni kile kitu cha Weaver. Dogo asiye na shabaha usimwambie "lenga kona ya chini nje". Kona ya nini na sahani yenyewe haioni? Mwambie mdakaji akae katikati kabisa, glavu katikati, na mpira wenyewe utachezacheza utafika pembeni bila kulengwa, kwa sababu mpira wa kasi mzuri haunyooki. Akifikisha straiki mbili kati ya kila mipira mitatu kwa mechi kadhaa mfululizo, ndo unaanza kuigawa sahani nusu mbili, nusu ya ndani na nusu ya nje. Kona ni mambo ya Double-A huko.

Na hesabu straiki ya kwanza. Mpigaji akianza na straiki moja kichwani ni mtu mwingine kabisa. Ukinipa dogo nikaambiwa nichague namba moja tu ya kumpimia Single-A, nachukua hiyo, asilimia ya wapigaji alioanza nao kwa straiki, ERA (wastani wa pointi anazofungwa kwa iningi tisa, bila kuhesabu makosa ya walinzi) wakae nayo.

Twende kwenye mpira wa pili, na hapa nitakaa kidogo maana ndo panaponoga. Dogo wa kasi anapita Single-A kwa mpira wa kasi na kitu kimoja cha kukunja, wapigaji wa kule wanazungusha gongo tu. Kwaiyo haoni sababu ya kujifunza kingine. Si anashinda? Hapo sasa ndo inabidi umlazimishe, na mfano bora ninaoujua ni Johan Santana. Kijana wa Venezuela, Minnesota Twins walimpata Desemba 1999 kupitia drafti ya Kanuni ya 5 (unabeba dogo wa timu nyingine asiyelindwa, ila lazima ukae naye ligi kuu), na 2000 ikabidi wamweke ligi kuu mwaka mzima, akapigwa haswa, ERA 6.49. Mwaka 2002 wakamteremsha Triple-A, Edmonton, na kocha wa warushaji pale, Bobby Cuellar, akampa sheria moja: kila mpigaji lazima apate angalau chenjiapu moja, yani mpira unaofanana na wa kasi ila unakuja taratibu. Kila mpigaji. Haijalishi hali ya mchezo, haijalishi kama mpira wa kasi ungemmaliza. Fikiria dogo ana mpigaji dhaifu mbele yake, anajua maili 94 zinatosha, lakini anatakiwa arushe kile kitu ambacho bado hakiamini, kinapigwa, anapoteza, na kocha kule kwenye benchi anapiga makofi. Aliporudi juu ile chenjiapu ikawa moja ya mipira inayoogopwa kuliko yote ligi kuu, akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, 2004 na tena 2006.

Chenjiapu yenyewe unafundishaje? Kidole gumba na cha shahada vinatengeneza kiduara pembeni ya mpira, vile vidole vitatu vilivyobaki vinakaa juu, mpira unaingia ndani kidogo karibu na kiganja badala ya kukaa kwenye ncha za vidole. Basi. Alafu unarusha kama unarusha mpira wa kasi, kwa hasira ileile, na mshiko ndo unaoula ule mwendo, mpira unatoka pungufu maili 8 mpaka 10. Shida ni kwamba kila dogo akiambiwa "mpira wa taratibu" anapunguza mkono, na mpigaji anaona mkono umepungua, anasubiri, anaupeleka maegesho ya magari. Kwaiyo kwenye bulipeni, pale warushaji wanapojipasha moto, usimwonyeshe kasi kabisa, zima kile kitablet. Msimamishe kocha pembeni yeye aangalie mkono tu, na mdakaji aseme "kasi" au "chenji" pale mkono unapopita bega, kabla mpira haujaachiwa. Mdakaji akibashiri sawa mara nane kati ya kumi, bado. Akianza kukosea nusu kwa nusu, dogo kashajua. Zoezi la bei rahisi, halihitaji mashine ya mtu.

Na iwe chenjiapu, iwe slaida, iwe kata (mpira wa kasi unaokata mwishoni), usiongeze viwili kwa mkupuo. Nimeona ripoti za madogo wanaoenda kambini na "mipira mitatu mipya" nacheka. Mipira mitatu mipya maana yake hana hata mmoja.

Sasa mkono. Hapa utani pembeni kidogo.

Wastani wa mpira wa kasi ligi kuu ulikuwa maili 91.3 mwaka 2008, ukafika 94.2 mwaka 2024. Desemba 2024 ligi kuu yenyewe ilitoa ripoti ya majeraha ya warushaji na walichokiona wataalamu waliohojiwa ni kilekile tunachokisema siku zote, watu wanafukuzia kasi, wanafukuzia mipira inayocheza ajabu, na wanarusha kwa nguvu zote kila mpira badala ya kubakiza akiba. Kiwiko kina ligamenti moja ndogo upande wa ndani, na kila mpira wa nguvu unaivuta karibu na mwisho wake, misuli ya mkono ndo inayoisaidia isikatike, kwaiyo misuli ikichoka ligamenti inabaki peke yake. Ndo maana uchovu ni hatari kuliko idadi ya mipira. Ikikatika, ni ule upasuaji aliofanyiwa Tommy John Septemba 25, 1974, daktari Frank Jobe alichukua kano ya mkono wa kulia akaipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto, na jamaa akarudi akashinda mechi 164 nyingine. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni kama kubadilisha tairi. Sio. Ni miezi 12 mpaka 18 ya maisha ya dogo, na wapo wasiorudi, na wanaorudi wengine wanarudi tena mezani mara ya pili. Kuna wazazi eti wanauliza kama mtoto afanyiwe mapema ili aongeze kasi, jamani!

Kwaiyo unafanyaje. Kwanza ratiba. Tangu 2021 ligi ndogo za msimu mzima zinacheza mechi sita na timu moja, Jumanne mpaka Jumapili, Jumatatu mapumziko. Hii ni zawadi kwa mlezi wa warushaji maana ukiwa na watu sita wa kuanza mechi, kila mmoja ana siku yake, wa Jumatano ni wa Jumatano. Wiki yake naipanga hivi: Alhamisi anarushiana taratibu tu, mwili unarudi, anapiga chuma cha miguu. Ijumaa anarusha mbali bila kukaza. Jumamosi bulipeni, mipira 25 mpaka 30, na ile mipira ina kazi maalumu, sio kurusha tu jasho litoke. Jumapili mwepesi. Jumatatu hagusi mpira. Jumanne kidogo tu, kugusa, kuangalia wapigaji wa kesho kwenye video. Jumatano anaua. Lakini kumbuka ligi kuu wanazunguka kwa siku tano au sita, kwaiyo akifika Triple-A anza kumpunguzia siku mara mojamoja aonje, usimshangaze siku ya simu ya ligi kuu.

Pili, dogo aliyetoka sekondari usimlete kwenye msimu mzima mara moja. Miongozo ya Pitch Smart, ya kulinda mikono ya vijana, iliyotolewa 2014 inasema mtoto wa miaka 17 au 18 asizidi mipira 105 kwa siku, na akivuka 80 apumzike siku nne, na hiyo ni kwa mtu aliyezoea kucheza mechi moja moja za shule. Mi mwaka wa kwanza namfungia kwenye iningi tatu au nne, mipira 60 hivi, nampa mwenzake aingie baada yake, wanagawana mechi wawili wawili, Astros walikuwa wanafanya hivyo kwenye ligi ndogo zao na wote wawili wanajifunza kuanza na kuingia katikati. Na tazama mipira ya iningi moja pia, sio ya mechi nzima tu! Mipira 80 kwenye iningi sita ni matembezi, mipira 35 kwenye iningi moja ni kipigo, hapo mtoe hata kama ni iningi ya kwanza na kocha mkuu ananuna.

Kuhusu kikomo cha iningi kwa mwaka watu watabishana mpaka kiama. Washington walimsimamisha Stephen Strasburg Septemba 2012 akiwa na iningi 159 na theluthi, katoka upasuaji wa kiwiko 2010, timu inaenda mchujo, mashabiki walilia na mpaka leo wapo wanaolia. 2019 akawa mchezaji bora wa fainali na wakabeba kombe. Je kile kikomo ndo kilimsaidia? Nani ajuaye, na baada ya lile kombe mwili ulimkatalia karibu kabisa. Msimamo wangu, namba ya mwaka ni kamba ya kukukumbusha usilale, lakini cha kufuata ni dalili: kasi imeshuka maili moja na nusu mechi mbili mfululizo, mahali pa kuachia mpira pameshuka, straiki zimepotea kwa mtu aliyekuwa nazo, dogo anajinyoosha kiwiko katikati ya wapigaji akidhani humwoni. Mbili kati ya hizo zikitokea pamoja, anakaa, hata kama anasema "niko poa kocha". Hasa akisema niko poa kocha.

Sasa takwimu. ERA ya ligi ndogo inadanganya kuliko mganga wa kienyeji. Triple-A upande wa Pacific Coast League kuna viwanja kama Albuquerque, mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira wa kukunja haukunji vizuri na mpira uliopigwa haushuki. Dogo akitoka pale na ERA ya 5.40 anaweza kuwa ametupa vizuri sana. Na chini kule Single-A walinzi ni watoto wenzake, mpira ambao mlinzi mzuri angeuwahi wao wanachelewa, unahesabiwa umepigwa salama, na pointi inaingia kwenye ERA. Tazama vitu anavyovimiliki mwenyewe: watu anaowatoa kwa straiki tatu, besi za bure, mpira unapigwa kwa nguvu kiasi gani, na mara ngapi mtu anazungusha gongo anakosa kabisa kwenye ule mpira tuliokuwa tunaufundisha. Ndio, ule tu. Kama mwezi huu kazi ni chenjiapu, basi mechi aliyopigwa pointi sita lakini kwenye chenjiapu 22 watu wamekosa 9 ni mechi nzuri, mwambie hivyo mwenyewe usiku uleule, maana yeye kichwani ana zile sita.

Triple-A kuna kingine, tangu 2023 wamekuwa wakitumia mashine ya kuamua straiki, na kuanzia 2026 ligi kuu nayo ina mfumo wa kukata rufaa kwa mashine. Mrushaji aliyekuwa anaishi kwa zile inchi mbili za huruma za mwamuzi na mdakaji mjanja, huko atalia. Mzoeze mapema kulijua boksi halisi la straiki.

Lini apande? Kuna Paul Skenes, kachaguliwa wa kwanza Julai 2023, Mei 2024 yuko ligi kuu na Pittsburgh, mwaka huohuo mgeni bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Sawa. Lakini Skenes alikuja na mwili wa mtu mzima, mpira wa karibu maili 100, na mpira wa pili na wa tatu tayari, maswali yote alishayajibu akiwa chuo. Usimpime dogo wako kwa Skenes. Mwangalie Shane Bieber, Cleveland walimchukua raundi ya nne 2016, hana kasi ya kutisha ila shabaha kama mtu anaweka barua kwenye sanduku. Cleveland wana tabia hiyo, wanachukua mtu wa shabaha alafu polepole wanamwongezea kasi na mipira mingine. Kafika juu 2018, Cy Young 2020. Kasi inaongezeka kirahisi kuliko shabaha, mi ndo ninavyoamini, ingawa najua kuna makocha watakuja hapa kunibishia.

Kipimo changu cha kupandisha: kajibu swali, kalijibu kwa mwezi mzima sio mechi mbili, na amepigwa vibaya angalau mara moja akarudi mechi iliyofuata akiwa mtu yuleyule. Hili la mwisho watu wanalisahau. Dogo ambaye hajawahi kupigwa hujui chochote kuhusu yeye.

Ila kuna kalenda nayo, huwezi kukaa milele. Aliyesaini akiwa na miaka 18 kushuka chini una misimu mitano, aliyesaini na 19 kwenda juu una minne, baada ya hapo usipomweka kwenye orodha ya watu 40 ambao timu inawalinda, timu nyingine inaweza kumbeba kwenye Kanuni ya 5 mwezi Desemba kwa dola 100,000, kama Santana alivyobebwa. Na ukimweka kwenye orodha, una misimu mitatu ya kumpandisha na kumshusha kwa uhuru. Kwaiyo kijana wa miaka 16 kutoka Dominika kwa kweli una muda wa kumalizia kukua kwake na kumfundisha kazi, sio zaidi. Panga kurudi nyuma kutoka kwenye hiyo tarehe.

Na akikwama? Kuteremsha sio adhabu, ila namna unavyomwambia ndo inaweza kuifanya adhabu. Roy Halladay, 1998, mechi yake ya pili tu kuanza ligi kuu, alibakiza mtu mmoja amalize mechi bila kupigwa hata mpira mmoja salama. Miaka miwili baadaye, 2000, ERA 10.64. Toronto wakamshusha, sio Triple-A, walimpeleka mpaka chini kabisa Dunedin, daraja la A, mtu aliyekwisha kuonja ligi kuu anapanda basi na watoto. Pale kocha mkongwe Mel Queen akamwambia ukweli bila kumpaka mafuta, akamshusha pembe ya mkono, badala ya kurusha kutoka juu kabisa akawa anatoka robo tatu, mpira ukaanza kuzama na kukata. Katikati ya 2001 karudi juu, 2003 akachukua Cy Young, 2010 nyingine, na leo yuko kwenye Ukumbi wa Umaarufu. Lakini angalia, Queen alikuja na kitu. "Nenda chini ukatafute kujiamini" sio mpango. "Nenda chini, tunashusha mkono, tutakutazama mechi nane" huo ni mpango.

Wengine jibu ni kuwatoa kwenye kuanza mechi. Dogo ana mipira miwili mizuri sana na wa tatu umegoma miaka mitatu, basi mpeleke bulipeni arushe iningi moja kwa nguvu, haina aibu, wapo wanaolipwa mamilioni kwa hiyo iningi moja. Ila usiwahi. Bulipeni mlango haufungwi, kurudi kwenye kuanza ndo kugumu. Na usisahau kuangalia wasio warushaji: Kenley Jansen alikuwa mdakaji asiyepiga, Dodgers wakamgeuza 2009, mwaka mmoja baadaye yuko ligi kuu. Jacob deGrom alikuwa anacheza shortstopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, chuoni. Mkono mzuri unaweza kuwa umejificha nyuma ya barakoa ya mdakaji.

Nje ya uwanja nitasema kwa kifupi ila sio jambo dogo. Kijana wa miaka 18 kutoka Venezuela yuko mji mdogo wa Marekani, hajui kuagiza chakula kwa Kiingereza, anakula chipsi kila siku, analala masaa matano tu kwenye basi, alafu tunashangaa kasi imeshuka. Zamani walikuwa wanalala watano sebuleni kwa mtu. Sasa timu zinawapa nyumba tangu 2022, na mkataba wa 2023 ulipandisha mshahara wa Single-A kutoka kama dola 11,000 kwa mwaka mpaka 26,200. Ni nafuu. Ila mtu wa kuongea naye kwa lugha yake lazima awepo, na madarasa ya Kiingereza yawe kwenye ratiba kama bulipeni ilivyo, maana siku akiumwa kiwiko anatakiwa awe na maneno ya kusema ni wapi na ni vipi.

Siku ya simu ikifika, kocha mkuu anamuita ofisini, anamzungusha kidogo kwa utani, dogo analia, anampigia mama. Waache wafurahi. Wewe kazi yako usiku ule ni faili. Kurasa mbili, zisizidi. Andika mpira upi anauamini akibanwa, mpira upi anaukimbia, dalili zake za kuchoka ni zipi (kila mtu ana zake, mwingine anaanza kurekebisha kofia kila mara), alikuwa anafanyia kazi nini wiki hii, na maneno gani yanamrudisha akipotea. Mwingine ukimwambia "shuka" anajua maana yake nyonga, mwingine ukimwambia hivyohivyo anashusha mkono. Mpe kocha wa juu hilo faili mkononi, alafu mpigie simu umsomee ukurasa wa kwanza, maana hatausoma, na mwambie mwezi wa kwanza asimwongezee mpira mpya.